Deki ya Biti Ishirini

Hakuna mtu wa kuogopwa kama yule aliyepewa ruhusa ya kuwa mbaya. Yordani wa Masuguru alipewa ruhusa hiyo kabla hajazaliwa, tangu babu yake alipotoka Tabora kuja kukata mkonge Korogwe na kuwakuta Wazigua, maana Mnyamwezi na Mzigua ni watani toka enzi za misafara. Mtani akikutukana, unacheka. Akikuchukulia kuku wako mchana kweupe, unamuuliza kama hataki na wa pili. Mtani hanuniwi, mtani hanyimwi kitu. Wapo wanaoitumia ruhusa hiyo kwa adabu, kama mtu aliyeazimwa kisu cha jirani. Yordani alikuwa akikinoa kila siku.

Kazi yake ilikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa barabara ya Masuguru, chenye benchi mbili za wasio na kazi na harufu ya risasi ya kuchomelea. Siku hizi redio hazitengenezwi, zinatupwa, kwa hiyo alibaki kufufua spika za baa na kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi. Mikono alikuwa nayo, mdomo alikuwa nao zaidi, na juu ya hayo yote Mungu alimjalia kuiga sauti. Akimwiga mtu nyuma ya pazia, mbwa wa mtu huyo angekuja akitikisa mkia.

Mtani wake mkubwa alikuwa Mzee Kibwana wa Sindeni, upande wa Handeni, mkulima wa mahindi na mtama mwenye miaka sabini. Kila siku ya gulio mzee alikuja Korogwe, na kila alipokuja alipita kibandani. Yordani angesema, shikamoo, mtumwa wangu. Mzee angejibu, marahaba, mtoto wa mpagazi, leo umebeba mzigo wa nani. Baada ya hapo walitukanana mpaka chai iishe, kisha mzee akaenda zake akiwa amepona nusu ya magonjwa yake.

Mke wa Kibwana aliitwa Mwantumu. Alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha kasida cha wanawake wa Sindeni, na alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku ya msiba Yordani alifika, akafanya yale ambayo watani huyafanya. Alijifunga kanga ya marehemu, akakaa kizingitini, akaitoa sauti ya Mwantumu kama ilivyokuwa, na ule ukavu wake wa mwisho wa neno: "Kibwana, wewe Kibwana, wageni unawapa chai bila sukari, unaniaibisha nimelala?" Mama mmoja aliyekuwa jikoni aliitika "abee" kabla hajakumbuka kwamba Mwantumu amefunikwa shuka chumba cha pili. Watu walicheka hadi wakarudi kulia upya. Kibwana alicheka akishika nguzo, na hapo ndipo machozi yake yalipotoka kwa mara ya kwanza. Siku ya arobaini alimwambia Yordani kwamba ni yeye aliyemfungua kifua. Yordani aliichukua shukrani ile kama cheti cha serikali.

Kilichobaki kwa Mwantumu kilikuwa sidii moja. Ilirekodiwa kwa ajili ya harusi ya binti yao, Mashavu: kikundi kilikaa sebuleni, jamaa mmoja akaja na kompyuta na kipaza sauti, na Kibwana akawekwa mlangoni kuzuia kuku na watoto. Hadithi hiyo ya kusimama mlangoni aliisimulia siku ya arobaini kwa kila mtu aliyekubali kukaa kitako. Asubuhi baada ya asubuhi aliiweka sidii ile kwenye deki yake ya kawaida, spika zikapiga, majirani wakajua kumekucha.

Mwaka jana Mashavu, ambaye yuko Dar es Salaam, alimletea baba yake deki nyingine, ya mtumba, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Usoni ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwamba ni ya biti ishirini. Ilikuja na hedifoni kubwa za kufunika masikio yote mawili. Mzee alizivaa, akaiweka sidii yake, akafumba macho. Kati ya wimbo wa pili na wa tatu, pale dufu linaponyamaza, akamsikia Mwantumu akivuta pumzi.

Miaka yote hakuwahi kuisikia pumzi ile. Akairudia. Ipo. Akairudia tena, ipo. Akatafuta sababu na sababu akaiona imeandikwa usoni mwa deki: ile ya zamani ilikuwa ya biti kumi na sita, hii ni ya ishirini. Katika zile nne zilizozidi, ndimo mke wake alimokuwa akipumua. Aliwaambia watu msikitini, aliwaambia shambani, na wiki ile ile akaifunga deki kwa blanketi, akaipakata kwenye basi mpaka Korogwe ili fundi naye aone.

Yordani alimsikiliza huku akitabasamu. Hili lilikuwa jambo analolijua, na mtu akiijua kazi yake hana haja ya kuwa mkali. Akamweleza taratibu mbele ya waliokaa benchi kwamba ndani ya deki kuna kidude cha kugeuza namba kuwa sauti, na kwamba hizo biti ni ukubwa wa namba ambazo kidude kinaweza kuzipokea. Lakini sidii yenyewe imeandikwa kwa biti kumi na sita, iwe ya harusi ya Sindeni au ya Ulaya. Kiwandani wanaandika ishirini usoni ili deki iuzike.

"Mtani," akasema, "ukiwa na maji lita kumi na sita ukayamimina kwenye dumu la lita ishirini, utakunywa lita ngapi?"

Mzee Kibwana alifikiri. "Kumi na sita," akajibu. "Lakini dumu langu la kwanza lilikuwa linavuja."

Benchi zote mbili zilicheka. Simeo fundi cherehani, jirani wa kibanda, alipiga makofi na kumwambia Yordani kwamba leo amekutana na mhandisi. Kilikuwa kicheko cha haki, tena cha mapenzi, ila Yordani hakuwa amezoea kicheko kikija upande wake. Alicheka nao.

Akapendekeza jaribio. Mzee akaswali adhuhuri, akirudi atakuta deki mbili nyuma ya pazia, ya kumi na sita na ya ishirini, zikipiga sidii ile ile kwa zamu. Aseme ni ipi. Masikio ndiyo yawe hakimu. Kibwana alikubali bila kusita, akaacha deki, hedifoni na sidii yake mikononi mwa mtani wake, akaenda msikitini akitembea kama bwana harusi.

Yordani alichoma nakala ya sidii kwenye kompyuta ili kila deki iwe na yake. Akafunga spika za baa zilizokuja kutengenezwa, akamwomba mkewe Stefania kanga, akaitundika kwenye kamba. Mzee aliporudi aliomba azivae hedifoni zake. Yordani akasema, kwa upole kabisa, kwamba akivaa hizo mashahidi hawatasikia kitu, watasema fundi na mtani wamepanga. Mzee aliona ni kweli, akakaa kwenye kiti alichowekewa, barabarani pikipiki zikipita na jirani wa upande wa pili akichomelea mageti.

Mara ya kwanza alisema ni ishirini, ikawa kumi na sita. Mara ya pili alipatia. Ya tatu alikosea, ya nne akapatia. Alikuwa anarusha shilingi tu, kila mtu aliona, na jasho likaanza kumtoka chini ya kofia. Akaomba apelekwe pale penyewe, kwenye pumzi. Ukweli ni kwamba kwenye kelele zile, kwa spika zile, hata aliyevuta pumzi hiyo asingeisikia. Yordani alikuwa ameshinda. Stefania, aliyesimama pembeni na sufuria ya maharage, alimwita kwa jina la mtoto wao, akamwambia, "Baba Evodia, inatosha." Angemsikiliza, hadithi hii isingekuwepo, lakini Yordani alikuwa bado analifikiria lile dumu.

Akatangaza kwamba sasa anaweka biti ishirini, pale pale kabla ya wimbo wa tatu. Aliiga sauti ya heshima, akawaomba watu wanyamaze, na watu wakanyamaza; hata mchomeleaji akazima mashine aje kuona. Nyuma ya kanga alipandisha amplifaya mpaka spika zikaanza kutoa ule mvumo mdogo wa umeme mtupu. Mzee alifumba macho, shingo mbele. Ukapita muda. Kisha akainua kidole chake cha shahada, polepole, na uso wake ukalegea kwa furaha ambayo ilikuwa aibu kuitazama.

"Hapo," akasema. "Amevuta."

Yordani aliivuta kanga ikaanguka. Akabonyeza deki ya kwanza ikatoa sinia yake ya kulazia sidii, tupu. Akabonyeza ya pili, tupu. Sidii zote mbili alikuwa amezishika mkononi, ya mzee na nakala yake, akazigeuzageuza zikamulika watu usoni. Na kwa kuwa mwovu haridhiki na kuua tu bila kuchuna ngozi, akaleta ile sauti ya msibani, sauti ya Mwantumu: "Kibwana, mie niko huku kwa mtani. Wewe unamsikiliza nani?"

Simeo alianguka kutoka kwenye benchi. Watu waliegemeana, wengine walijipigapiga mapaja, mchomeleaji alirudia maneno yale mpaka mwisho wa barabara. Kibwana naye alicheka, maana ndiyo sheria. Alicheka kwa muda mrefu kuliko wote, na wengine walipomaliza yeye alikuwa bado anacheka, peke yake, akitazama zile sinia mbili. Kisha akaomba sidii yake, akaipangusa kwa pindo la kanzu. Yordani, aliyekuwa kwenye raha yake, akadai na deki kama faini ya ushindi. Mtani hanyimwi. Mzee alimwambia achukue, na hedifoni zake achukue, kwake hazina kazi tena.

Mwezi ukapita bila Kibwana kuonekana gulioni, ukapita wa pili. Yordani alisema mzee analima. Aliisimulia habari ya sinia tupu kwa kila mteja, na kila alipoisimulia ilinoga zaidi. Stefania aliacha kukaa kibandani wakati inasimuliwa.

Jumapili moja mji umetulia, watu wako kanisani, Yordani alibaki ajaribu deki ya mteja wa Kilole, deki ya kawaida kabisa, ya biti kumi na sita. Alitaka sidii yoyote, mkono ukaangukia ile nakala ya Sindeni. Hakutaka kupiga kelele wakati wa ibada, kwa hiyo akavaa hedifoni za mzee. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Dufu likanyamaza.

Mwanamke akavuta pumzi.

Yordani alidhani ni yeye mwenyewe aliyepumua. Akairudisha nyuma, akabana pumzi yake, akapandisha sauti mpaka mwisho. Pumzi ilikuwepo, ndefu, ya mtu anayejiandaa. Na nyuma yake, kwa mnong'ono ambao masikio ya miaka sabini yalikuwa yameukosa, Mwantumu akasema: "Kibwana, mlango." Kikasikika kitasa, sauti za kuku zikafifia kwa mbali, na wimbo wa tatu ukaanza.

Aliisikiliza mara saba. Kwa hiyo hazikuwa biti. Pumzi iliandikwa kwenye sidii tangu siku ya harusi, na deki yoyote, hata hii mbovu ya Kilole, ingeitoa; ilichohitaji ni mtu afunikwe masikio, dunia inyamaze kidogo. Mzee alikosea kuhusu deki, akawa sahihi kuhusu mke wake. Yordani alikuwa sahihi kuhusu deki. Alikaa na usahihi wake pale kibandani mpaka watu wakatoka kanisani, na kwa mara ya kwanza maishani aliona haya bila kuwepo wa kumtazama.

Jumatatu aliifunga deki ya biti ishirini kwa blanketi lile lile, akachukua hedifoni na nakala, akapanda basi la Handeni, akashuka Sindeni.

Alimkuta Mzee Kibwana pembezoni mwa shamba lake la mtama akifukuza ndege. Alikuwa amekonda. Juu ya mtama zilipita nyuzi zenye vitu vya kumetameta, makopo yaliyopondwa, vipande vya bati, na katikati yake ilining'inia sidii ikizunguka kwenye upepo na kugongana na kopo. Yordani aliyatambua maandishi ya kalamu kabla hajafika karibu: Harusi ya Mashavu.

"Marahaba, mtoto wa mpagazi," mzee alisema kabla ya kuamkiwa. "Mzigo huo wa nani leo?"

"Wako, mzee," Yordani akajibu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita mzee.

Walikwenda ndani kwenye umeme. Yordani alieleza bila mzaha hata mmoja kwamba amekosea, kwamba pumzi ipo, na kwamba kuna na maneno. Kibwana alimsikiliza akiwa na tabasamu la mtu anayesubiri mwisho wa kichekesho. Alivaa hedifoni kwa hiari, na Yordani akapandisha sauti mpaka mwisho. Dufu likanyamaza. Yordani hakuwa anasikia kitu kutoka pale alipokaa, alikuwa anamtazama mzee tu, na aliona kidole cha shahada kikianza kuinuka kutoka gotini. Kikafika nusu. Kisha kikarudi chini kikatulia.

Kibwana alivua hedifoni, akazilaza juu ya deki, akaanza kucheka.

"Safari hii umeniweza," akasema. "Mpaka mlango umeuweka. Na kuku."

"Mzee, si mimi. Haki ya Mungu, huyo ni yeye."

"Hata msibani alikuwa yeye. Mama wa jikoni akaitika."

Yordani aliapa kwa mama yake. Aliapa kwa mwanawe Evodia, aliapa kwa Biblia, akaomba apewe na Kurani aishike. Kila kiapo kilimzidishia mzee kicheko mpaka akajifuta macho, kwa sababu hakuna kichekesho kitamu kama mtani anayeapa. Habari ya mlango, Kibwana alimkumbusha, alimpa yeye mwenyewe siku ya arobaini. Sauti alikuwa nayo tangu msibani. Fundi ana kompyuta. Kilichobaki kilikuwa kukaa chini na kushona, na ameshona vizuri, tena vizuri kuliko siku ile ya sinia tupu.

Yordani akakumbuka ile ya shambani. Hiyo ndiyo ya kwanza, hiyo haikupita mikononi mwake ila kwa saa moja, na mzee mwenyewe anayajua maandishi. Akatoka mbio, akaikata kwenye uzi, akairudisha akiipangusa kwa shati. Jua lilikuwa limeipausha upande mmoja, na kopo lilikuwa limeukwangua upande wa pili mpaka ukafanana na sakafu ya simenti. Aliiweka. Deki ikaizungusha, ikatafuta, ikatafuta tena, kisha ikaandika kwenye kioo chake kwamba ndani hamna sidii.

"Na hii nayo umeitoa?" mzee akauliza, akacheka tena, ila kwa uchovu.

Yordani akalia. Kibwana alimtazama kwa mshangao kidogo, akasema machozi hayo nayo ni ya kiwango, kisha akamwita jirani amkamatie jogoo, kwa kuwa mtani akikuchekesha namna hiyo hatoki mikono mitupu. Jogoo akafungwa miguu, akawekwa mapajani mwa Yordani. Ndipo mzee akaitoa nakala kwenye deki, akaishika kwenye mwanga, akaigeuza. Ilikuwa mpya, haina hata mkwaruzo.

"Nipe hii," akasema.

Mtani hanyimwi. Kwenye kompyuta ya Masuguru sauti ile ilikuwa bado ipo, angeweza kuchoma nakala mia moja, na zote mia zingekuwa utani wa Yordani. Mzee hakuwa anasubiri jibu, alikuwa ameshatangulia nje, akieleza kwa mgongo kwamba ile ya kwanza ndege walikuwa wameanza kuizoea, na hii inang'aa vizuri.

Walisimama chini ya uzi, jogoo akipiga mabawa begani mwa Yordani. Kibwana alipitisha uzi kwenye tundu la sidii mara mbili ukamponyoka mara mbili.

"Nishikie hapa," akasema, "mikono yangu siku hizi inatetemeka."

Yordani akaushika uzi, akasubiri mpaka mzee alipomaliza kufunga fundo.